Manyoya baadae, kwanza uzi: niliyoyaona kwenye kufunga nzi bandia nyumbani

Ukimtembelea mtu anayefunga nzi bandia wa kuvulia hatakuonesha uzi. Atakufungulia maboksi, shingo za jogoo zikiwa na ngozi yake, vipande vya sungura, manyoya ya tausi, shanga za kila rangi, na utatoka pale unaamini kabisa hobi hii ni ya kukusanya vitu. Mi nasema hapana. Nimekaa na jiliwa, kile kifaa cha kushikia ndoano, mezani miaka sasa, nimefunga wazuri na wabaya, na kama kuna kitu kimoja ningemwambia anayetaka kuanza ni kwamba kazi yote iko kwenye uzi, manyoya yanashikiliwa tu, na mwenye mkono mzuri wa uzi atakufungia nzi anayekamata samaki hata kwa sufu ya sweta lililochakaa.

Na hilo la sufu sio utani. Kuna mwandishi wa enzi za Warumi, Aelian, ambaye karibu mwaka 200 hivi BK aliandika habari za watu wa Makedonia waliokuwa wanavua mtoni kwa ndoano iliyozungushiwa sufu nyekundu na kuwekewa manyoya mawili ya jogoo. Sufu, manyoya mawili, basi. Leo fungua boksi la mvuvi yeyote wa aina hii, utakuta nzi wengine humo hawajaenda mbali sana na huyo.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: nzi bandia ni ndoano iliyovishwa uzi, manyoya na nywele mpaka samaki aone ni mdudu, au kiluwiluwi, au kisamaki kidogo. Hana uzito wa maana, ndo maana kwenye uvuvi huu kinachorushwa ni mshipi wenyewe ambao ni mnene na mzito, nzi anafuata tu. Kwaio kila unachoongeza kwenye ndoano kinagusa mambo mengi kwa mpigo, atakavyorushwa, atakavyotua, kama ataelea au atazama, na atakavyocheza akiwa majini. Utamu wote uko hapo.

Vifaa vya kuanzia ni vichache kuliko unavyotishwa. Jiliwa, au vaisi, linaloshika ndoano isicheze. Kishikio cha bobini, yaani cha kile kigurudumu cha uzi, chenye mdomo laini pale uzi unapotokea, maana mdomo ukiwa na mkwaruzo ndani utakukatia uzi kila dakika na wewe utaulaumu uzi. Mkasi mdogo wenye ncha kali ambao haugusi waya hata siku moja, waya uwe na mkasi wake wa zamani. Sindano. Gundi kidogo au rangi ya kucha isiyo na rangi. Kifaa cha fundo la mwisho kipo lakini hata vidole vinaweza. Kama kuna hela imebaki weka kwenye taa, sio kwenye manyoya.

Sasa uzi wenyewe. Nyuzi nyingi zinaandikwa unene kwa denia, denia 70 maana yake mita 9,000 za uzi huo zina uzito wa gramu 70, kwahiyo namba ikipanda uzi unanenepa. Wengine bado wanatumia ule mtindo wa 6/0 na 8/0 ambako namba ya mbele ikipanda uzi unakua mwembamba, na kibaya zaidi 8/0 ya kampuni moja sio lazima ifanane na ya nyingine, mi siku hizi naangalia denia tu. Kuna zoezi nalifanya kila nikipata aina mpya: nafunga ndoano tupu kwenye jiliwa, nazungusha uzi, navuta kidogo kidogo mpaka unakatika. Makusudi kabisa. Alafu tena. Alafu tena. Mkono unajifunza wenyewe mwisho wa uzi uko wapi, na unatakiwa ufanye kazi karibu na huo mwisho bila kuuvuka, kwa sababu nzi anayefumuka baada ya samaki wawili watatu mara nyingi shida yake ni mizunguko iliyolegea, na watu wanakimbilia kuongeza gundi. Gundi haiwezi kukaza kitu ambacho hakikukazwa.

Kitu kingine ambacho watu hawakisemi mapema ni msokoto. Kila ukizungusha uzi kwenye ndoano unauongezea msokoto bila kujua, na uzi uliosokotwa unakua mviringo, unajenga vinundu vinundu, kichwa cha nzi kinavimba. Dawa yake ni kuacha bobini ining'inie ukaizungusha kwa vidole kinyume na saa (hii ni kwa wa mkono wa kulia, shoto mnageuza) mpaka uone uzi umelala bapa. Uzi bapa unafunika sehemu kubwa kwa mizunguko michache, unalala chini. Ukitaka uzi ung'ate kitu sehemu moja ndogo unafanya kinyume, unausokota kwanza. Siku nilipoanza kucheza na hiyo bapa na mviringo ndani ya nzi mmoja ndo siku nzi wangu walianza kufanana na wa watu wazima.

Alafu kuna ule usumbufu wa unyoya kukimbia. Umeweka mkia juu ya ndoano vizuri, umezungusha uzi, umekaza, unaangalia, mkia uko ubavuni. Uzi umeusukuma kwenda upande wa pili, ndo tabia yake. Kinachosaidia ni kubana unyoya pamoja na ndoano kwa vidole viwili, kupitisha uzi katikati ya vidole ukiwa umelegea, kitanzi laini, mara moja au mbili, ndo sasa unavuta moja kwa moja, na vidole haviachii mpaka uzi umekaza. Inaonekana ya kitoto. Asilimia kubwa ya ufundi wa hobi hii ni kubana na kutoachia mapema.

Na nafasi ya kichwa jamani. Nikioneshwa nzi wa mtu anayeanza siangalii rangi, naangalia nyuma ya tundu la ndoano, na karibu kila mara pamejaa mpaka tundu lenyewe limezibwa, mshipi hauna pa kupita. Inatokea kwa sababu mtu anaanzia mkiani, anajenga mwili kwa raha zake, anafika mbele hana pa kufungia. Mimi naanza kwa kuacha sehemu tupu nyuma ya tundu, kama upana wa tundu lenyewe au zaidi kidogo, na mpaka mwisho siigusi, hiyo ni ya fundo tu. Fundo la mwisho lile la kuzungushia uzi juu yake wenyewe, mizunguko minne mitano, likivutwa vizuri linashika hata bila gundi.

Vipimo vya ndoano visikuchanganye, namba 16 ni ndogo kuliko 12, ila zikifika kwenye zile zenye sifuri baada ya mstari, 1/0, 2/0, zinaanza kukua tena. Anza na 10 au 12. Kuna watu wanaanza na 18 sijui kwa ushujaa gani, macho yanawatoka, wanaacha hobi.

Tukija kwenye nini cha kufunga. Ushauri wangu ni mmoja na watu hawaupendi, chagua nzi mmoja na umfunge mpaka akuchoshe. Wengi tunaanza na Woolly Bugger, ambaye sifa zake anapewa Russell Blessing wa Pennsylvania kule Marekani, na ni mwalimu mzuri kwa sababu ana vitu vitatu tu, mkia wa manyoya laini, mwili wa uzi wenye vinyweleo, na unyoya wa jogoo uliozungushwa kuanzia nyuma mpaka mbele. Funga kadhaa kwa mkao mmoja, yule wa kwanza mbandike mbele yako, wa mwisho mweke pembeni yake. Utaona mwenyewe mkia wa kwanza ulikua mrefu hovyo, mizunguko imebanana nyuma mbele imeachana. Ukifunga mmoja wa aina hii, mmoja wa aina ile, huoni kitu, kila nzi ni wa kwanza.

Yale manyoya ya mkia wake yanaitwa marabu, zamani yalitoka kweli kwa ndege kongoti, yule mrefu mwenye kipara, siku hizi karibu yote ni ya bata mzinga. Yakiwa makavu yanafura, unaona umeweka mengi sana unapunguza. Kumbe ukiyalowesha yanakua kamstari kembamba. Ndo maana mi nina glasi ya maji mezani na sio ya kunywa. Nalowesha vidole, nayavuta yale manyoya yalale, naona ukubwa wake halisi kabla sijafunga, na nikimaliza namfunga nzi kwenye kipande cha mshipi namzamisha, namvuta vuta. Ukiniuliza ni tabia gani imebadilisha uvuvi wangu zaidi ya nyingine nitakwambia hiyo glasi. Nzi anayependeza kwenye jiliwa anaweza kulala ubavu majini, anaweza kuzunguka akausokota mshipi wako wote, na rangi uliyoipenda ikilowa inaingia giza, yule wa kijani kilichopauka anakua wa kijani cha kinamasi. Samaki hajawahi kumuona nzi wako akiwa mkavu mezani.

Wale waliobuni nzi wanaosifiwa ukiwachunguza utaona walikua wanafikiria maji. Frank Sawyer alikua mlinzi wa mto Avon huko Uingereza, alikua anawaangalia viluwiluwi wa wadudu wakiogelea, akaona wakiogelea miguu wanaibana mwilini, basi nzi wake wa mkia wa fezanti, ndege wa jamii ya kuku, hana miguu kabisa. Na uzi hakutumia! Alitumia waya mwembamba wa shaba kufungia kila kitu, huo huo ndo uzi na huo huo ndo uzito wa kuzamisha. Najua nimetoka kukwambia kazi yote iko kwenye uzi, ila jaribu kumfunga huyo wa Sawyer ndo utajua waya ni uzi mkali zaidi, hausamehe, ukiulegeza kidogo unafumuka kama springi. Bob Clouser naye, Mmarekani, alichukua macho ya chuma yale mazito mawili akayafunga upande wa juu wa ndoano, nzi akiingia majini anapinduka, ncha inatazama juu, hanasi hovyo chini kwenye mawe na magogo. Uzito huo huo ukiufunga upande wa pili umepata nzi tofauti kabisa. Mi hiyo nilikaa naitafakari siku nzima.

Kuelea na kuzama ndo elimu nyingine ndefu, nitaigusa tu. Unyoya wa jogoo ni mgumu, nyuzi zake zinasimama, zinamshikilia nzi juu ya maji. Wa kuku jike ni laini, unalowa, unacheza, ni wa nzi wa kuzama. Watu wanachukua wowote wenye rangi nzuri alafu wanashangaa nzi wa kuelea anazama mtupo wa pili. Nywele za jamii ya kulungu zina hewa ndani, ukizikaza kwa uzi zinafumuka zinasimama, ndo maana zinaelea vizuri, lakini kwa kazi hiyo tumia uzi mgumu maana ule mwembamba utakatika, na nywele zikishatawanyika mezani utazikuta mpaka kwenye chai. Alafu kuna yale manyoya madogo ya bata yanayoota karibu na tezi ya mafuta pale mkiani. Yanaelea ajabu, kwa sababu yananasa vipovu vya hewa, ila ukiyapaka ile jeli ya kuelesha nzi umeyaua, yanashikana. Yakilowa yakaushe tu kwa kitambaa au poda.

Manyoya ya tausi yale yanayong'aa kijani na shaba samaki wanayapenda sijui kwanini, na hayana nguvu hata kidogo, meno ya samaki yanayakata. Dawa ni waya mwembamba unaozungushwa kinyume na mwelekeo wa unyoya, unapita juu yake unaukamata kila sehemu. Au unasokota unyoya pamoja na uzi kabla ya kuzungusha. Mimi nafanya vyote viwili kama nataka nzi wa kukaa, waya tu kama nataka nzi wa haraka.

Hasara kubwa kwenye hobi hii haitoki majini inatoka kwenye kabati. Nondo na wale vijidudu wanaokula ngozi kavu wakiingia kwenye boksi lako utafungua siku moja ukute unga na vijiti vya manyoya. Kitu chochote kipya kinachoingia nyumbani, hasa ngozi nzima au unyoya uliopewa na mtu, nakifungia kwenye mfuko wa kuzibika, kinaenda friza siku kadhaa, kinatoka kinapata joto, kinarudi tena friza, ile mara ya pili ni ya mayai ambayo hayakufa. Baada ya hapo kila kitu kinakaa kwenye mfuko wake. Nikiona unga unga tu mfuko mzima nje.

Na sio kila unyoya uliouona chini ni wa kuokota. Nchi nyingi zina sheria za ndege wa porini, Marekani kwa mfano wana sheria ya tangu 1918 ya ndege wanaohama ambayo hata kumiliki unyoya mmoja tu wa ndege wengi wa asili ya kule ni kosa, hata kama ulidondoka wenyewe. Kuku, bata mzinga na bata wa kufugwa wanatosha kukufanyia karibu kila kitu. Tamaa ya manyoya imewafikisha watu pabaya, mwaka 2009 kuna kijana mwanafunzi wa muziki aliingia usiku kwenye jumba la makumbusho kule Tring, Uingereza, akaondoka na ngozi 299 za ndege adimu, zingine zilikua zimekusanywa zaidi ya karne moja nyuma, ili zikauzwe kwa wanaofunga nzi wa mapambo wa mtindo wa zamani. Mapambo! Wengi wa nzi wale hata majini hawaendi.

Nikiongelea mapambo lakini nisiwe mkali sana, kuna watu wanafunga na hawavui na ni mafundi kupita sisi wote. Megan Boyd wa Uskoti, aliyefariki 2001, alifunga nzi wa samaki aina ya samoni karibu maisha yake yote kwenye kibanda, watu wa duniani wakawa wanamwagizia, na mwenyewe hakuwa anavua. Alipewa nishani na Malkia wa Uingereza, yeye akasema hawezi kwenda kuichukua maana hana wa kumwachia mbwa wake. Mtu kama huyo namuelewa. Ila macho yalimwisha, na hapa nisikilizwe: taa iwe karibu na itokee ubavuni isikupige usoni, nyuma ya jiliwa weka karatasi ya rangi moja iliyotulia ili uone nzi tu, na miwani ya kukuzia sio ya wazee, vaa mapema. Inuka kila baada ya nzi kadhaa. Waya wa risasi, ule wa kumwongezea nzi uzito, ukiutumia usiushike na meno na unawe mikono kabla ya kula, au hamia kwenye shanga za tungsteni, ambazo ni nzito zaidi ya mara mbili ya shaba nyeupe kwa ukubwa ule ule na hazina sumu ya risasi. Shanga zenyewe zina tundu dogo upande mmoja na kubwa upande mwingine, ncha ya ndoano ipite kwenye dogo kwanza.

Kuhusu kuokoa hela, usimwambie mtu nyumbani kwamba unafunga nzi ili kuokoa hela. Labda miaka huko mbele. Kinachookolewa ni muda wa kusubiri, yaani leo umeona samaki wanachukua kitu kidogo cha kahawia pembeni ya majani, jioni unakaa unakifunga, kesho unacho, na ni cha ukubwa ule ule uliouona wewe. Huo ndo utajiri. Pia unaacha kuogopa kuwapoteza nzi, unatupa karibu na mizizi kule samaki waliko kwa sababu nzi akinasa akabaki huko utafunga mwingine, na mi naamini hapo ndo samaki wengi wa ziada wanapotoka, sio kwenye ufundi wa nzi.

Wale nzi wabaya usiwatupe. Chukua wembe, pasua kwa juu kufuata mwili wa ndoano, kila kitu kinatoka, ndoano inabaki, shanga inabaki, waya wakati mwingine nao unabaki. Jaribu ncha kwenye ukucha, ikiteleza inolewe au iende, ikishika irudi kazini. Kijino cha ndoano kibane na koleo kabla hujaanza kufunga, sio baada, maana kama ndoano ni ya kukatika itakatika hapo hapo kabla hujapoteza nusu saa juu yake. Na tafuta sumaku uiweke kwenye kamba, kila ukimaliza pitisha chini ya meza, ndoano namba 14 kwenye zulia haionekani kabisa mpaka mtu apite peku.